Mtembeze Mwanao Kwao

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila shule zinapokaribia kufungwa, swali moja hutufuata kutoka darsani hadi mlangoni kwetu. Huulizwa na akina mama zaidi kuliko akina baba, na mara nyingi huulizwa kwa sauti ya chini, kana kwamba ni jambo la kuonewa haya: "Sheikh, watoto wamekaa nyumbani, madrasa nayo imefunga, tuwapeleke wapi?" Wapo wanaoongeza: "Na je, kutoka kutembea tu, si kumzuru mgonjwa wala si kuhudhuria maulidi, huko si kupoteza wakati?"

Tumeona tulijibu swali hilo katika ukurasa huu, kwa kuwa ni swali la nyumba nyingi. Tuanze na hilo la pili, maana ndilo linalowafunga wengi miguu.

Dini yetu haikuja kuwanyima watu wa nyumbani furaha ya halali. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na Bibi Aisha wakiwa safarini. Mara moja Bibi Aisha akamtangulia, na mara nyingine, baada ya muda kupita, yeye akamtangulia Bibi Aisha. Siku ya Idi alimsitiri nyuma yake ili apate kuwatazama Wahabeshi wakicheza kwa mikuki yao, wala hakuondoka mpaka mkewe alipotosheka mwenyewe kwa kutazama. Wajukuu zake wawili walimpanda mabegani. Na Qur'ani Tukufu inatuamrisha mara nyingi twende katika ardhi, tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Basi anayewatoa ahli zake kwa nia njema, akachunga sala na stahi, hapotezi wakati. Anatoa haki ya watu walio chini ya ulinzi wake.

Ama swali la "wapi", jibu letu tumelipata katika nyumba yetu wenyewe, na tunawasimulia lilivyotufikia.

Mwaka uliopita mkwe wetu alirejea kutoka Qatar, alikofanya kazi miaka miwili na zaidi bila ya kuja nyumbani. Alikuwa na ruhusa ya siku 30. Watoto wake ni watatu: msichana wa miaka 11, mvulana wa miaka 8, na mdogo wa miaka 4. Yule mdogo alimjua baba yake kwa simu tu. Siku ya kwanza baba alipomwita aje, mtoto alisimama akamtazama, kisha akakimbia chumbani akaleta simu ya mama yake, akampa baba yake mkononi. Kwake yeye, baba alikuwa akikaa humo.

Hakuna aliyecheka. Mkwe wetu aliipokea ile simu, akaiweka pembeni, na usiku ule akatuambia amekusudia kuwapeleka wote katika hoteli kubwa ya ufukweni, wakae siku tatu, wale, waogelee, wafurahi. Binti yetu alinyamaza. Tuliijua sababu ya kunyamaza kwake: gharama ya siku tatu hizo ilikaribia karo ya muhula mzima ya mtoto mkubwa, na muhula ulikuwa mlangoni.

Hatukumlaumu mkwe wetu. Mtu wa Ghuba akirudi, huangaliwa mikono kabla ya kuangaliwa uso. Alichelea watoto wasije wakaona kwamba amekuja mikono mitupu. Lakini tulikaa naye pamoja na bibi ya watoto, tukahesabu. Ilionekana kwamba sehemu ndogo tu ya fedha zile ingetosha matembezi matano ya kutwa, kila moja na chakula chake na nauli yake, na karo ikabaki salama. Tukamwambia: "Watoto hawa hawakukosa hoteli. Wamekukosa wewe." Akakubali, ingawa si kwa moyo mkunjufu.

Tulianza karibu, na hilo ndilo tunalowausia wasomaji wetu: anza na mahali unapoweza kufika kwa miguu au kwa nauli ya matatu moja. Tulikwenda Ngome ya Yesu, ambayo watoto wengi wa Mombasa wameiona kwa nje mara mia bila ya kuingia ndani. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 ili waishike bandari yetu na njia ya bahari. Waomani waliizingira tangu 1696 hadi walipoitwaa 1698, na waliokuwa ndani waliteseka kwa njaa na maradhi. Baadaye Waingereza waliifanya jela. Tangu 2011 imo katika orodha ya turathi za dunia. Mvulana wetu alitaka kujua mizinga ilielekea wapi, na baba yake akampandisha juu ya ukuta akamwonyesha mlango wa bahari, merikebu za leo zikipita palepale zilipopita zile za zamani. Baada ya hapo tuliingia vichochoro vya Mji wa Kale, tukatazama milango iliyochongwa, tukasali adhuhuri msikitini, tukanunua mabuyu na achari, tukarudi nyumbani kabla ya alasiri. Yule mdogo alishika mkono wa mama yake siku nzima.

Safari ya pili ilikuwa Bamburi, katika bustani ya Haller. Hapo palikuwa machimbo ya mawe ya kutengenezea saruji. Ardhi ilichimbwa mpaka ikabaki jiwe jeupe lisilootesha hata nyasi. Tangu 1971 kazi ya kuihuisha ilianza kwa kupanda mivinje, mti usiochagua ardhi, kisha wakaletwa majongoo wale majani makavu na kuyageuza kuwa udongo. Leo ni msitu, una twiga wanaolishwa na watoto kwa mkono, una viboko na samaki na kobe wakubwa. Mzazi mwenye hekima hahitaji mawaidha marefu mahali kama hapo. Atawaambia wanawe kwamba ardhi iliyokufa imehuishwa mbele ya macho yao, nao wataelewa.

Na hapo ndipo mkwe wetu alipowasimulia kisa ambacho watu wa Malindi na Mombasa wanakikumbuka vyema. Baada ya mawimbi makubwa ya tsunami ya Disemba 2004, ndama wa kiboko alikutwa yatima baharini huko Malindi. Watu walihangaika wakamwokoa, akaletwa Bamburi, akapewa jina la Owen. Alipoachiwa alikwenda moja kwa moja kwa kobe mkongwe wa asili ya visiwa vya Aldabra, aliyekuwa akiitwa Mzee, akajilaza nyuma yake. Mwanzoni kobe alimkwepa. Baadaye walizoeana, wakawa wanakula na kulala pamoja. Mtoto mdogo aliuliza, "Kobe alimwambia nini?" Baba akajibu, "Hakumwambia kitu. Alikaa tu, hakwenda mbali." Sisi tulitazama pembeni.

Safari ya tatu tulikwenda Jumba la Mtwana, karibu na Mtwapa, nusu ya siku tu kutoka mjini. Ni mji wa Waswahili wa karne ya 14, uliohamwa zamani, na magofu yake yako chini ya mibuyu kando ya bahari. Msikiti mmoja uko karibu sana na maji, na nje yake lipo kaburi lililochorwa aya ya kuwakumbusha wapitao kwamba kila nafsi itaonja mauti. Watoto walikaa kimya hapo bila ya kuambiwa wanyamaze.

Kuhusu bahari tuna neno la kuwaeleza wazazi, kwa kuwa wengi hukwenda pwani bila ya kujua maji yatakuwaje. Anayeijua tarehe ya Kiislamu anayajua maji. Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu siku ya 14 na 15, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na hukupwa sana. Katika pwani yetu siku hizo maji hukupwa kiasi cha saa nne asubuhi, na huo ndio wakati wa watoto kutembea juu ya miamba na kutazama kaa, pweza wadogo na nyota za bahari katika vidimbwi. Lakini ikifika saa sita yatakuwa yanarudi kwa kasi, na asiyejua huzungukwa na maji nyuma yake. Siku za mwezi saba na ishirini na mbili ni maji mafu, hayapandi sana wala hayatoki sana. Tuliwaambia wajukuu wahesabu wenyewe, na walipoona hesabu yao imeswihi na bahari imewatii, walifurahi kuliko kama tungewanunulia chochote. Siku hiyo yule mdogo aliogopa kaa, na aliyekuwa karibu naye alikuwa baba yake. Akamshika mguu.

Safari ya nne ndiyo tunayoikumbuka zaidi. Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri kwenda Gedi, zaidi ya kilomita 100 kaskazini ya Mombasa, na tukapitia pia mradi wa vipepeo ulio karibu na lango la magofu. Mradi huo wa Kipepeo ulianza 1993: wenyeji wanaoishi pembezoni mwa msitu wa Arabuko Sokoke hufuga vipepeo, na mabuu yaliyojifunga huuzwa nje ya nchi, ili msitu uwape riziki ukiwa umesimama. Watoto hupenda kuingia katika nyumba ya wavu, vipepeo wakawatua mabegani.

Kisha tukaingia katika mji wenyewe. Gedi ni mji mzima chini ya msitu: kasri, nyumba, visima, kuta, makaburi na misikiti. Ulistawi sana katika karne ya 15, na ukahamwa kabisa kufikia karne ya 17. Mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya turathi za dunia. Wachimbuaji wamezipa nyumba majina kwa vitu vilivyokutwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sarafu za Kichina, Nyumba ya Kijaluba cha Pembe. Lipo kaburi lenye tarehe ya 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. Kima hutembea juu ya kuta kama wenye nyumba.

Tulipokuwa tunapumzika, msichana wetu wa miaka 11, mtoto mwenye akili na anayeshika nafasi ya kwanza darasani, alituuliza: "Babu, Wazungu waliokuwa wakiishi hapa walikwenda wapi?"

Hakusema kwa ubaya. Kila picha ya mahali hapo aliyopata kuiona ilikuwa na mtalii ndani yake, na asubuhi ile ile alikuwa amewaona watalii wakishuka garini pale langoni. Akaamini kwamba mahali pazuri penye lango na tiketi pana wenyewe, na wenyewe si sisi.

Hatukumjibu kwa maneno. Tulimchukua pamoja na nduguze mpaka Msikiti Mkuu. Tukawaonyesha kisima na mahali pa kutawadha. Kisha tukawaambia watafute kibla kwa jua na kivuli, kama tulivyowafundisha. Kwetu si hesabu ngumu, kwani Makka iko takriban kaskazini moja kwa moja ya pwani yetu. Wakaangalia kivuli, wakabishana kidogo, wakanyoosha mikono. Mikono yote iliishia mahali pamoja: katika mihrabu, iliyosimama pale kwa mamia ya miaka ikiwa imeelekea hukohuko.

Msichana alikaa kimya, kisha akasema, "Kumbe walikuwa ni sisi."

Ndipo mkwe wetu alipopata la kusema, bila ya kuombwa. Akawachorea watoto mchangani: hapa ni Mombasa, hapa ni Makka, hapa ni Doha. Akasema: "Kule nilikokuwa, kibla kiko upande wa magharibi, kimepinda kidogo kusini. Nyinyi huku mnaelekea kaskazini. Basi kila siku mara tano, mimi nikiwa kule na nyinyi mkiwa huku, nyuso zetu zilikuwa zikielekea Nyumba moja." Yule mdogo aliinama akautazama ule mchoro kwa muda mrefu. Akaweka kidole chake juu ya Doha, akauliza, "Wewe hapa?" Baba akasema, "Nilikuwa hapo." Mtoto akakiburura kidole mchangani mpaka Mombasa.

Wakati wa kurudi alilala mapajani mwa baba yake, kutoka Kilifi mpaka nyumbani.

Safari ya tano ilikuwa ya kusini, kijiji cha Gazi katika kaunti ya Kwale, na tunaitaja kwa ajili ya akina mama hasa. Kikundi cha akina mama wa kijiji hicho wametengeneza njia ya mbao inayopita juu ya maji katikati ya mikoko, na mgeni hutembea humo akionyeshwa mkoko, mchu, mkandaa na mlilana, kila mti na kazi yake: huu wa boriti, huu wa kuni, huu wa mashua. Katika kijiji hicho pia upo mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013, ambao huhifadhi miti hiyo, na fedha zinazopatikana kwa kuihifadhi hurudi katika maji na shule za wenyeji. Ukiagiza mapema, akina mama hao hukupikia: wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha, na maji ya ukwaju.

Huko Gazi tuliona jambo dogo. Binti yetu alikula akiwa amekaa. Hakupakua, hakukimbilia maji, hakuosha sahani. Alikaa mkekani na wanawe, akala chakula kikiwa moto, akasimulia hadithi. Bibi yao alitunong'oneza kwamba hajamwona hivyo tangu mumewe aondoke.

Tunasema hili kwa akina baba kwa uwazi, na tunaomba lisomwe mara mbili. Matembezi mengi ya familia zetu ni mapumziko ya watu wote isipokuwa mama. Yeye huamka kabla ya alfajiri kukaanga sambusa na katlesi, hupakia pilau, hufunga nguo za watoto, na wakifika hukalishwa kuchunga mizigo. Watoto wanarudi na hadithi, baba anarudi na picha, mama anarudi na vyombo vya kuosha. Hiyo ni kazi ya nyumbani iliyohamishiwa ufukweni. Mtume wetu alikuwa katika kazi za nyumbani mwake, akiwasaidia ahli zake, mpaka wakati wa sala unapoingia. Basi nani kati yetu ana heshima kubwa kuliko yeye hata asibebe kapu?

Katika safari zetu tulipanga hivi. Chakula kilikuwa chepesi, kikatayarishwa usiku: mahamri na mbaazi, mayai, viazi, matunda ya msimu. Baba na mvulana walibeba. Msichana na babu yake waliosha. Mizigo ilichungwa kwa zamu, na zamu ya mama ilikuwa ndiyo fupi kuliko zote. Pale palipokuwa na akina mama wenyeji wanaouza chakula safi cha halali, tulinunua kwao, na hiyo nayo ni sadaka ya upande wake.

Yako mambo mengine ambayo msafiri mwenye watoto atahitaji, nasi tunayataja kwa ufupi.

Kuhusu sala. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, masafa ya kupunguza sala wanazuoni wameyakadiria kuwa kilomita 80 na kidogo. Basi anayetoka Mombasa kwenda Gedi au Malindi ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya, akishatoka mipaka ya mji wake. Anayekwenda Mtwapa, Gazi au Kilifi hana ruhusa hiyo, naye asali sala zake kamili kwa wakati wake. Beba mkeka na chupa ya maji ya kutawadhia. Wape watoto zamu ya kuadhini. Mtoto aliyeadhini chini ya mbuyu hasahau siku hiyo.

Kuhusu majira. Wakati wa Kusi, ambao huingia hadi likizo ya Agosti, bahari huchafuka na maji huwa na vurugu. Hizo ni siku za magofu, ngome na misitu, na hewa huwa ya baridi nzuri kwa kutembea. Safari za mashua, kama kwenda Wasini au kutazama matumbawe ya hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, ziwekeni likizo ya Disemba, Kaskazi inapoanza kutulia.

Kuhusu stahi na usalama. Dada zetu wanaotaka kukanyaga maji na kucheza na watoto wao wachague asubuhi na mapema, siku za kazi, na fukwe zisizo na msongamano, wakiwa wamejisitiri. Kila mtoto awe na mtu mzima mmoja mwenye jina, anayejua kwamba ndiye mwenye dhamana yake; mtoto wa wote huwa hana mchungaji. Asiingie mtoto majini bila ya mtu mzima kuwa ndani ya maji pamoja naye. Wadogo waandikieni nambari ya simu mkononi kwa kalamu.

Kuhusu fedha na usafi. Raia hulipa kiingilio cha chini katika makavazi na mbuga zetu, na watoto hulipa pungufu ya hapo, kwa hiyo mtu mzima asisahau kitambulisho. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini 2017, na tangu 2020 vyombo vya plastiki vya kutumiwa mara moja haviruhusiwi katika mbuga, misitu na fukwe zilizohifadhiwa. Tumieni vikapu na mabakuli ya nyumbani. Na asiye na kiingilio asijione hana pa kwenda. Bustani ya Mama Ngina na mibuyu yake haina tiketi, bahari haina tiketi, na mihogo ya kukaanga kwa ndimu na pilipili pale Lighthouse haimfilisi mtu. Usikope kwa ajili ya matembezi. Furaha ya siku tatu isiwe deni la miezi sita.

Na mkiwa na nafasi moja katika gari, mchukueni mtoto wa jirani ambaye hana wa kumtoa: yatima, au yule ambaye mama yake yuko Ughaibuni akilea watoto wa wenzake. Wako wengi katika mitaa yetu. Likizo hizi ndizo zinazowakuta vijana wakiwa bila ya kazi wala mtu, na wanaouza mihadarati vichochoroni hawafungi likizo. Mtoto aliyeshikwa mkono na mtu mzima mwema, akaonyeshwa kwao na kuambiwa hapa ndipo petu, ana kitu cha kushikilia siku atakapoitwa na wabaya.

Mkwe wetu alirudi kazini siku zake zilipokwisha. Karo ililipwa. Mvulana anaendelea kuandika tarehe za bamvua katika daftari lake na humsomea baba yake kwa simu. Hatukujenga kitu kikubwa. Tulitumia tu siku tano katika 30, karibu na nyumbani, pamoja.

Kwa hiyo, mama yetu au dada yetu utakayetuuliza tena mwisho wa muhula, jibu letu ni hili: mpeleke mwanao kwao. Mpeleke pale wazee wake waliposali, walipochota maji na walipozikwa, na pale Mola wake alipoumba miti inayosimama baharini. Mpeleke ukiwa naye, si pamoja na simu yako. Na wewe mwenyewe, ukifika, kaa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarudishe salama wasafiri wetu walioko mbali, awahifadhi watoto wetu katika likizo hii na baada yake, na azijaalie nyumba zetu kuwa na utulivu na mapenzi. Amin.

Wabillahi tawfiq.